Gari la mbio Kyela: Je, lina thamani ya bei yake?

Zao linapopata bei, mji hubadilika sura. Nyumba ya nyasi huezekwa bati, mwenye baiskeli hununua pikipiki, na mwenye pikipiki huanza kuulizia gari. Watu wa Pemba wanalijua jambo hili kwa karafuu. Watu wa Kyela, kule ncha ya kusini ya Mkoa wa Mbeya, wanalijua kwa kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipanda kuliko ilivyopata kupanda: mwezi wa Machi ilivuka dola 10,000 za Kimarekani kwa tani, na mwezi wa Disemba ikavuka dola 12,000. Sehemu ya neema hiyo ilifika hadi kwenye mizani ya vyama vya ushirika vya Kyela, ambako kakao hukusanywa na kuuzwa kwa mnada chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani.

Fedha ikishaingia mkononi, huja swali la matumizi. Miongoni mwa mambo ambayo vijana huyazungumza sana, huko Bara na huku kwetu Visiwani, ni gari dogo la mbio. Hatusemi kila gari dogo. Toyota IST, ambayo imejaa mijini na vijijini, ni gari dogo na wala hatuna ugomvi nayo. Tunasema lile gari fupi, lisilo na buti lililojitenga, ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu, na ambalo kiwanda kimelitia injini yenye nguvu iliyozidi umbo lake. Volkswagen Golf GTI ni la namna hiyo. Honda Civic Type R pia. Na katika miaka ya karibuni Toyota imetoa GR Yaris. Ni magari yanayosifiwa kote duniani, na bei zake zinalingana na sifa zake.

Swali tunaloliweka mbele ya wasomaji wetu leo ni hili: kwa mtu anayeishi na kufanya kazi Kyela, na katika mwambao wote wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, je, gari hilo lina thamani ya bei yake? Tunatangulia kusema kwamba kwa maoni yetu halina. Lakini jibu lisilo na hoja halimsaidii mtu, na kwa hiyo tunaomba subira ya msomaji tulieleze.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akauliza: Kyela inatuhusu nini sisi? Inatuhusu sana. Kyela nayo ina maji upande mmoja, nayo ina barabara kuu chache na njia nyingi ndogo za udongo. Kama sisi, hutegemea zao ambalo bei yake hupangwa na watu wasioujua mti wenyewe. Kama sisi, hununua magari yaliyokwisha kutumika Japani na kuvushwa bahari. Tofauti ni kwamba gari la Kyela likishashushwa bandarini Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 900 nyingine kabla ya kufika kwa mwenyewe. Tukilijibu swali hili kwa Kyela, tutakuwa tumejijibu sisi wenyewe kwa sehemu kubwa.

Tuanze kwa kulitendea haki gari lenyewe. Golf GTI ilipoanza kuuzwa mwaka 1976, dunia ilikuwa imetoka kuonja shida ya mafuta ya mwaka 1973. Wahandisi wa Volkswagen walichukua gari la familia lenye uzito wa kilo mia nane na ushei, wakalitia injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110, wakalikaza springi. Wazo lao lilikuwa la ubanaji matumizi: mtu asiyeweza kununua gari la kazi na gari la mbio apate yote mawili katika moja, lililo jepesi na lisilokunywa mafuta mengi. Kampuni ilikusudia kutengeneza magari 5,000 tu. Ya toleo lile la kwanza yaliuzwa zaidi ya 450,000. Watu hawakudanganywa, walikiona kitu chenye faida, wakakinunua.

Tena si kweli kwamba magari haya hayakupata kuiona Afrika. Mwaka 1987 dereva wa Sweden, Kenneth Eriksson, alishinda mashindano ya Ivory Coast akiendesha Golf GTI. Na huku kwetu Afrika Mashariki, mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, na tangu hapo Toyota Yaris imekuwa ikitamba katika vumbi la Naivasha. Sébastien Ogier alishinda mwaka 2021, Kalle Rovanperä akashinda mwaka uliofuata. Kijana aliyeyaona hayo katika televisheni hawezi kulaumiwa akisema: gari hili ndilo linalofaa kwa barabara zetu.

Hapo ndipo kosa la kwanza linapoingia. Gari lililoshinda Naivasha si gari linalouzwa dukani. Tangu mwaka 2022 magari ya daraja la juu katika ubingwa wa dunia hujengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma, na kuvikwa bodi inayofanana na ya gari la kawaida. Huinuliwa juu, hufungwa bamba la chuma chini ya injini, hupewa springi zinazonyooka na kukunjika kwa kina kirefu, na nyuma yake hufuata kundi la mafundi wenye kila kipuri. Anayenunua GR Yaris ananunua gari zuri sana, lenye injini ya lita 1.6 iliyotiwa turbo, nguvu za farasi zaidi ya 260 na mvuto wa magurudumu yote manne. Lakini limekaa chini, sentimita 13 hivi kutoka ardhini, na wala hanunui pamoja nalo wale mafundi wa Naivasha.

Sasa tuitazame bei. Gari linaloingia Tanzania Bara hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Lenye injini iliyozidi sentimita za ujazo 1,000 na isiyozidi 2,000 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, kisha juu ya jumla hiyo huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Tuchukue mfano wa gari la mbio lililofika bandarini kwa shilingi milioni 40, nauli na bima zikiwa ndani. Forodha itaongeza milioni 10. Ushuru wa bidhaa milioni mbili na nusu. Kodi ya ongezeko la thamani karibu milioni tisa na nusu. Jumla ni milioni 62, ukiacha tozo nyingine ndogo, usajili, na mafuta ya kulifikisha Kyela. Na kama mnunuzi, kwa kukimbia bei hiyo, atachagua Golf GTI iliyozeeka zaidi ya miaka kumi, sheria itamwongezea asilimia 30 kwa ajili ya umri wa gari. La milioni 12 litamgharimu karibu milioni 24. Atakuwa amelipa bei ya gari mbili na kupata moja iliyochoka.

Wapo watakaosema kwamba bei si kitu ikiwa mtu anapata anachokilipia. Ni kweli. Basi na tuulize: katika gari hili, fedha inalipia nini? Inalipia kasi, na uwezo wa kuifikia kasi hiyo kwa muda mfupi. Inalipia springi ngumu zinazolifanya gari lisilale katika kona, tairi nyembamba zinazoshika lami, na breki kubwa. GR Yaris hutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa katika sekunde zipatazo tano na nusu, na huweza kufika kilomita 230 kwa saa. Hizi ndizo bidhaa zilizomo ndani ya ile bei. Asiyeweza kuzitumia amelipia kitu ambacho hakuna wa kumkabidhi.

Na Kyela hazitumiki. Njia ya kwenda huko hutoka Uyole, karibu na jiji la Mbeya, ikapanda hadi mita zaidi ya 2,000 katika baridi ya Isongole, ikateremka kupitia Kiwira na Tukuyu hadi Kikusya na Kyela. Ziwa lenyewe liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni mteremko wa zaidi ya mita 1,500 katika kilomita mia moja na ushei, wenye kona kali, ukungu, mvua, malori yaendayo mpaka wa Malawi pale Kasumulu, na vijiji vilivyopangana kandokando karibu mwendo wote. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasema kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu. Katika barabara kama hii, dereva wa gari la milioni 62 na dereva wa IST hukaa nyuma ya lori moja, hupunguza mwendo kwa ajili ya watoto wale wale wa skuli, na hufika Kyela wakipishana kwa dakika chache.

Tunakiri jambo moja. Katika mteremko kama huo, breki nzuri na usukani unaotii ni uhai, na gari la mbio lina vyote viwili. Ikiwa kuna hoja inayolitetea gari hili kwa dhati, ni hiyo. Lakini ajali nyingi za milimani hazisababishwi na breki zilizotengenezwa dogo. Husababishwa na breki zilizokwisha na hazikubadilishwa, tairi zilizolainika, gia iliyoachwa huru ili kuokoa mafuta, na dereva asiyekuwa na subira. Seti mpya ya breki na tairi nne nzuri kwa gari la kawaida ni sehemu ndogo sana ya ile milioni 62. Usalama, basi, unaweza kununuliwa peke yake bila ya kununua mbio.

Tukishuka bondeni mambo huwa magumu zaidi. Bonde la Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa katika Tanzania. Hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kumwagika ziwani, na katika masika hutoka nje ya kingo zake. Barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema, ambayo zamani ilikuwa tope na udongo, sasa ina lami, na ni jambo la kushukuru. Lakini shamba la kakao haliko kando ya lami. Liko ndani, penye migomba, mwisho wa njia ya udongo yenye makorongo na madaraja ya magogo. Gari lililokaa sentimita 13 kutoka ardhini litaikwaruza sampo yake mwezi wa kwanza tu. Tairi yake, ya upana wa milimita 225, ina ubavu wa sentimita tisa. Ya IST ina ubavu wa sentimita 12. Sentimita hizo tatu za mpira na upepo ndizo zinazoamua kama shimo litaishia katika tairi au litaivunja rimu.

Kisha kuna mafuta na mafundi. Bei kikomo ya petroli Tanzania Bara hutangazwa kila mwezi na EWURA mji kwa mji, na mji ulio mbali na bandari hulipa zaidi kwa sababu nauli ya mafuta imo ndani yake. Kyela iko mbali. Injini hizi za turbo, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Japani, huagizwa petroli ya daraja la juu, na oili ya namna maalumu inayobadilishwa kwa wakati. Fundi wa Kyela ni hodari; ameifungua na kuifunga Noah mara nyingi mpaka anaijua gizani. Lakini turbo, vihisio vya umeme na mfumo wa mvuto wa magurudumu manne huhitaji kompyuta ya kupimia, na kipuri chake lazima kiagizwe. Gari likisimama wiki sita likingoja kipuri, bei yake inaendelea kushuka hali limefunikwa turubai.

Na lingekuwa zima, lingebeba nini? GR Yaris ina milango miwili ya abiria na viti vinne, na nafasi ya mizigo ya lita 174. Mtu wa Kyela anayetoka Ipinda na gunia la mpunga atalipakia moja kwa taabu. La pili halina pa kukaa. Mama mkwe akitaka kwenda hospitali ya Matema itabidi akunjwe ili apite nyuma ya kiti. Katika nchi ambayo mwenye gari ni gari la jamaa wote, na la msiba, na la harusi, na la mgonjwa wa jirani usiku wa manane, chombo kama hicho humtenga mtu na wajibu wake. Hatudhani kwamba kuna mkulima wa Kyela anayetaka kununua upweke kwa shilingi milioni 62.

Tumekwisha kusema juu ya mwenye gari. Inafaa tuseme pia juu ya asiye na gari. Bonde la Kyela ni tambarare, na kwa miaka mingi baiskeli imekuwa chombo chake kikuu. Wanawake wenye ndoo za samaki, wanafunzi, wazee, wauza ndizi, wote hutumia ukingo ule ule wa barabara. Barabara iliyonyooka yenye lami mpya kutoka Kikusya kwenda ziwani ni kishawishi kikubwa kwa mtu aliyelipia kasi na hajapata pa kuitumia. Siku atakapoijaribu, bei ya gari lile italipwa na mtu ambaye hakulinunua. Hili ndilo linalotutia hofu kuliko khasara yote ya fedha.

Wapo watakaotujibu kwamba kila mtu ana uhuru na jasho lake. Kwamba mkulima aliyevumilia miaka ya bei mbaya anastahili kufurahi. Na kwamba hakuna anayemuuliza tajiri wa mjini kwa nini amenunua gari la fahari. Hoja hii ina uzito na hatuidharau. Furaha ni haki ya mkulima kama ilivyo haki ya mtu yeyote, na hatutaki arudi enzi za kuambiwa na wengine ale nini na avae nini. Lakini rafiki wa kweli humwambia mwenziwe kabla, si baada. Na sisi tunalo la kumwambia, kwa sababu Visiwa hivi vimekwisha kulipa ada ya somo hilo.

Wazee wetu wanakumbuka. Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake za kretek. Ikapanda mikarafuu yake yenyewe mpaka ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ya karafuu ikaporomoka. Aliyekuwa ametumia neema ya miaka ya nyuma kwa kujenga nyumba, kusomesha watoto na kupanda miche, alibaki na nyumba, watoto waliosoma na miti. Aliyeitumia kwa vitu vya kuchakaa alibaki na vitu vilivyochakaa. Kakao imeanza kutoa funzo hilo hilo. Ilipanda mwaka 2024 kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana yaliharibiwa na hali ya hewa na maradhi ya miti. Mavuno yalipoanza kupata nafuu bei ikashuka, na kabla ya mwaka 2025 kwisha ilikuwa chini ya nusu ya kile kilele cha Disemba.

Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Ikiwa mkulima anapata shilingi 10,000 kwa kilo, gari la milioni 62 ni kilo 6,200 za kakao kavu. Bei ikianguka hadi shilingi 5,000, gari lile lile ni kilo 12,400. Kakao ya kulinunua ilipimwa kwa bei ya juu; ya kulitunza itapimwa kwa bei ya chini. Ndiyo maana magari mengi ya fahari katika nchi za mazao huishia chini ya mwembe, yakiwa na afya yote isipokuwa tairi na betri.

Ni kipi basi chenye thamani ya bei yake mwambaoni? Turudi ziwani. Upande wa mashariki wa Matema, Milima ya Livingstone hushuka moja kwa moja hadi majini. Kijiji cha Ikombe, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyouzwa hadi mbali, hufikiwa kwa mtumbwi au kwa miguu. Mbele zaidi, Lumbira, Lupingu na Manda zimeishi kwa kutegemea chombo cha majini. Meli ya MV Mbeya II, iliyotengenezwa na Songoro Marine na kuzinduliwa mwaka 2021, hubeba abiria 200 na mizigo tani 200, na ni msaada mkubwa. Lakini meli moja haiwezi kuwa kila mahali. Watu wa huko ni watu wa visiwani bila ya kisiwa. Kwao mashua imara yenye injini nzuri, makoti ya kuokolea maisha na turubai la kufunikia mzigo, ni chombo chenye kuleta fedha kila siku ya soko. Sehemu tu ya ile milioni 62 ingekitosha. Gari la kubebea mizigo lililotumika, mashine ya kukoboa mpunga, kichanja cha kukaushia kakao, miche mipya mahali pa miti iliyozeeka, ni vitu vinavyolipa deni lao.

Haya tumeyasema kwa wananchi. Sasa tuna machache kwa wenye dhamana Serikalini.

La kwanza ni juu ya kodi. Sheria inapima ukubwa wa injini kwa sentimita za ujazo. Zamani kipimo hicho kilitosha, kwa maana injini kubwa ndiyo iliyokuwa na nguvu. Leo turbo imekivuruga. GR Yaris yenye injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi zaidi ya 260 hutozwa ushuru wa bidhaa kwa kiwango kile kile cha asilimia 5 kinachotozwa gari la mwalimu lenye injini ya lita 1.6 na nguvu chini ya nusu ya hiyo. Mwenye gari la familia lenye injini ya lita 2.4 isiyo na makeke hutozwa zaidi. Hatuombi kodi mpya kwa wananchi. Wanazo za kutosha. Tunaomba kipimo kitazamwe upya, ili gari la kazi lipumue na gari la starehe lichangie.

La pili ni juu ya mfano. Vijana hujifunza thamani ya gari kwa kuwatazama wakubwa. Mheshimiwa Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu, aliwahi kukemea hadharani ununuzi wa magari ya kifahari, yale ambayo wananchi wameyapa jina la mashangingi. Maneno yale yalikuwa ya kweli wakati ule na ni ya kweli hata leo, Bara na Visiwani. Ofisa anayekwenda kuhimiza ubanaji matumizi kwa gari ambalo bei yake ingejenga madarasa, anajibiwa na gari lake kabla hajafungua kinywa.

La tatu ni juu ya barabara yenyewe. Lami ikishawekwa, kazi haijakwisha. Kijiji chenye barabara mpya kinahitaji njia ya waendao kwa miguu na baiskeli, alama za mwendo zinazosomeka, na matuta yaliyopakwa rangi ambayo dereva huyaona kabla hayajamrusha. Haya ni mambo ya gharama ndogo yakilinganishwa na gharama ya barabara. Njia ndogo za kwenda mashambani nazo zipewe vifusi na makalvati kabla ya masika. Na usafiri wa majini kutoka Itungi na Kiwira uwe na ratiba ambayo mkulima wa Lupingu anaweza kuitegemea. Kwa kufanya hivyo Serikali itaipandisha thamani kila baiskeli, kila mashua na kila IST iliyoko mwambaoni, bila ya kumnunulia mtu chochote.

Kwa wasomaji wetu wa Unguja tunaongeza neno moja. Kisiwa chetu kina urefu wa kilomita 85 hivi. Gari la kilomita 230 kwa saa lingekimaliza katika muda usiofika nusu saa, kama pasingekuwa na mtu, punda wala daladala njiani. Lakini wapo, na ni ndugu zetu. Kasi isiyo na pa kwenda haina tofauti na fedha iliyofungiwa sandukuni, ila fedha ya sandukuni haigongi mtu.

Hatulichukii gari la mbio. Ni kazi ya mikono ya watu wenye akili, na mahali penye barabara zake, mafuta yake, mafundi wake na uwanja wake wa kukimbilia, huenda likawa na thamani ya kila senti. Kyela si mahali hapo leo. Thamani ya chombo hutazamwa pale kinapofanyia kazi, na mwenye kulipia asichokitumia amemlipia muuzaji tu. Mkulima aliyengoja miaka mingi ili kakao yake ipate bei asikubali bei hiyo impite mbio mbele ya macho yake. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na wao hawakuwa wameiona Golf wala Yaris.